Nirudishieni Vipande Vyangu

Karatasi ya makadirio ilikuwa imelala juu ya meza ya chakula tangu jana, na hakuna mtu aliyethubutu kuweka sahani karibu nayo. Ilikuwa karatasi nzito, nzuri, yenye nembo ya rangi juu na saini ya mbwembwe chini, na katikati imejaa mistari kama mgonjwa aliyejaa vipele. Mumewe Bi Sindano aliisoma akiwa amekaa, akaisoma akiwa amesimama, akaipeleka dirishani kwenye mwanga akaisoma tena. Jumla ya chini haikupungua hata kidogo. Sufuri zake zilijipanga pale pale, macho makavu, zikimtazama.

"Kitendawili," alisema Bi Sindano, akikata uzi kwa meno.

"Mama watoto, huu si wakati wake."

"Kitendawili!"

"Haya, tega uniache."

"Nilimpeleka mwanangu ana kikohozi. Wakamnyoa nywele, wakamng'oa meno, wakambadilisha viatu. Kikohozi wakakisahau."

Mumewe hakutoa mji kama desturi ya aliyeshindwa. Alijua jibu. Jibu lilikuwa gari lao, ambalo siku hiyo lilikuwa limelala kwenye gereji ya kampuni iliyowauzia, likingoja waseme ndiyo.

Na gari lenyewe lilikuwa na nini? Mlio. Basi. Ukikata kona kwenda kulia, gurudumu la mbele kushoto lilisema *ngwee, ngwee*, kama mtoto anayedai kunyonya. Ukinyoosha usukani, mlio unanyamaza. Kwa mlio huo mmoja kampuni ilikuwa imeandika karatasi nzima, mbele na nyuma.

Mtaani walimwita Bi Sindano kwa kuwa alishona, na kwa kuwa akifungua mdomo alichoma. Mumewe walimwita Karani, maana alikuwa karani mkuu wa posta mpaka alipostaafu, na kiinua mgongo chake ndicho kilichonunua gari lile likiwa jipya, viti bado vimevaa nailoni. Siku ya kulichukua kampuni walimpiga picha, wakamvalisha kofia yenye nembo yao, wakamwambia kuanzia leo yeye ni mtu wa familia. Yule mzee wa watu akaamini. Tangu hapo hakuruhusu mkono mwingine uguse gari lake. Mafundi wa mtaani aliwaita wachinjaji. Kila akiitwa kampuni alivaa koti, akapiga pasi suruali, akaosha gari mpaka tundu la ufunguo, utadhani anapeleka posa. Naye alirudi kila mara na mfuko mwepesi na uso uliokunjuka, akisema, "Wale watu wana heshima."

"Mimi kwa heshima ya bei hiyo ningetaka na kubebwa," alikuwa akijibu Bi Sindano.

Safari hii, lakini, mfuko ulikuwa hautoshi kwa heshima. Na hapo ndipo wifi yake alipoingia.

Wifi huyo, dada wa Karani kwa baba na mama, alikuwa na duka la nguo za harusi, na kwa muda mrefu alikuwa akiitamani cherehani ya kudarizi ya Bi Sindano kwa macho yasiyofichika. Akija kusalimia, mkono wake hauendi kwa mtu, unaenda kwa cherehani. Aliposikia habari ya makadirio alifika kabla chai haijapoa.

"Kaka yangu hawezi kuaibika mimi nikiwa hai," alisema, akijitupa kwenye kochi. "Nitainunua ile cherehani. Kwa bei ya kindugu. Kesho naenda mwenyewe mpaka dirishani kwa keshia, nalipa, gari linatoka, cherehani inakuja kwangu. Nani kapata hasara?"

Bei ya kindugu, kwa ajabu tu, ililingana sawasawa na jumla iliyokuwa chini ya karatasi.

Bi Sindano alitazama cherehani yake. Aliinunua kwa mapindo ya sketi za shule, maelfu ya mapindo, kwenye cherehani ya mguu iliyomwachia goti bovu. Hii ya kudarizi ilichora maua bila kuchoka. Iliandika majina ya maharusi kwenye mito na mashuka, na wateja walipiga foleni. Ikiondoka, atarudi kwenye mapindo mpaka macho yazime. Alilijua hilo, na mumewe alilijua, ndiyo sababu mumewe alikuwa akizungumza na karatasi badala ya kuzungumza naye.

"Ni kwa muda tu, mama watoto," alisema Karani. "Tutanunua nyingine."

"Kwa kiinua mgongo kipi? Una mgongo mwingine?"

"Sasa gari likae huko? Majora yako ya kitambaa utayabeba kichwani?"

Hapo alikuwa na hoja, na Bi Sindano hakuwa mtu wa kukana hoja. Gari lilimletea majora kutoka sokoni na kupeleka oda kwa wateja. Aliweka mkasi chini.

"Sijasema hapana," alisema. "Nimesema cherehani ni yangu. Haitoki hapa mpaka nione kwa macho yangu inakwenda kununua nini. Kesho tunakwenda wote."

"Utaona nini huko?" wifi alicheka. "Unajua rejeta wewe?"

"Sijui. Lakini mtu akinidanganya shingo yake huwa inafupika. Shingo ninazijua, nimezipima maisha yangu yote."

Asubuhi walikodi teksi. Karani alivaa koti. Wifi alivaa mkoba, maana ule mkoba haukubebwa, ulivaliwa: umebanwa kwapani, zipu mbele, pesa tumboni mwake. Bi Sindano alipanda na aproni yake ya kazi, chaki mfukoni, futi shingoni, na mfuko mkubwa wa kitenge aliokuwa akiwekea makapi ya nguo.

"Unakwenda na aproni?" Karani alinong'ona. "Mbele za watu?"

"Nakwenda kazini kwa watu. Nimevaa nguo za kazi."

Jengo la kampuni lilikuwa la vioo kutoka chini hadi juu, kana kwamba wenyewe hawana la kuficha. Ndani palikuwa na baridi ya kutengenezwa, sakafu inayoakisi mpaka soli za viatu, maua ya plastiki yaliyopanguswa vumbi kwa bidii kuliko maua halisi yanavyomwagiliwa maji, na mashine ya kahawa iliyokuwa ikinguruma peke yake. Ukutani runinga ilionyesha gari jipya likipita barabara tupu, ndani yake mwanamke anacheka. "Anacheka kwa sababu bado halijaharibika," alisema Bi Sindano, na mtu mmoja aliyekuwa akisubiri akakohoa ili asicheke.

Akatokea bwana mmoja wa makamo, shati limebana, kifuani kibao kimeandikwa MSHAURI WA WATEJA.

"Mzee wetu! Karibu nyumbani! Kahawa? Maji? Ya baridi au ya kawaida?"

"Gari," alisema Bi Sindano.

"Gari lenu liko salama, mama. Liko ndani, linahudumiwa."

"Linahudumiwa au linangoja?"

"Lina... linangoja kuhudumiwa. Mara tu mkisaini."

"Tunaweza kuliona?"

Mshauri alionyesha sakafuni kwa kidole kilichokatwa kucha vizuri. Mbele ya mlango wa gereji ulipita mstari wa njano. "Wateja hawavuki pale, mama. Ni kwa usalama wenu. Ni utaratibu."

"Kitendawili," alisema Bi Sindano.

Mshauri akamwangalia Karani kuomba msaada. Karani akaangalia dari.

"Ukitegewa unasema *tega*, mwanangu."

"Tega, mama."

"Nyumba yangu mlango wa kuingilia ni bure, wa kutokea unauzwa."

Mshauri alitabasamu kwa meno yote, tabasamu la mtu aliyefundishwa kutabasamu kwenye semina, akasema hajui, mama ana vichekesho sana. Bi Sindano hakumpa jibu. Alikuwa amesimama ndani ya jibu.

Wakakaa. Mshauri akatandaza nakala ya makadirio mezani na kuisoma kwa sauti ya upole, sauti ile ile ambayo watu hutumia kuwasomea wafiwa rambirambi. Shokapu za mbele. Shokapu za nyuma. Bushi, seti nzima. Pedi za breki. Rejeta. Betri. Mkanda wa feni. Sensa, mbili. Beringi ya gurudumu la mbele kushoto. Oili. Uchunguzi wa kompyuta. Usafi.

"Usafi wa nini?" aliuliza Bi Sindano.

"Wa gari, mama."

"Gari lililetwa hapa limeoshwa kuliko maiti."

"Mama watoto!" alisema Karani.

"Ni sehemu ya kifurushi," alisema Mshauri.

"Lipeni twende," alisema wifi, akigusa zipu. "Watu wamesoma hawa. Nyie mnaleta ubishi wa sokoni."

Bi Sindano alinyanyua ule mfuko wake wa kitenge, akaukung'uta mara moja ukafunguka kwa kishindo, nyuzi kidogo zikaangukia ile sakafu ya kioo. Akauweka mezani juu ya makadirio.

"Sawa," alisema. "Vya zamani mtavitia humu."

"Vya... zamani?"

"Vinavyotoka. Mimi ni fundi nguo. Mteja akiniletea kitambaa, anaondoka na gauni lake na vipande vyake vilivyobaki, hata kikiwa cha upana wa kidole. Vipande ni vyake. Fundi anayebaki na vipande vya mteja sisi tuna jina letu la kumwita, na si mshauri."

Mshauri alicheka. Alipoona anacheka peke yake akaacha. "Mama, vile huwa tunatupa. Ni uchafu."

"Uchafu ni wangu. Niliununua ukiwa mpya."

Keshia nyuma ya dirisha lake aliinua kichwa. Mshauri akachukua kalamu, akaandika pembeni: *arudishiwe vya zamani*. Bado alikuwa anatabasamu, ila sasa upande mmoja.

"Jambo la pili," alisema Bi Sindano, akatoa chaki. "Kabla ya kukata mimi hutia alama, ili kipande cha huyu kisiende kwa yule. Mpe fundi wako chaki hii. Kila kitakachotoka akitie alama kikiwa bado garini, halafu mimi nipokee chenye alama yangu."

Mshauri aliipokea chaki kwa vidole viwili kama mtu aliyepewa mjusi. Akaingia mlango wa gereji, ukafungwa nyuma yake. Wakasubiri. Runingani yule mwanamke alikuwa bado anacheka.

Akarudi. "Nimezungumza na fundi. Anasema rejeta, kwa sasa, inaweza kuendelea."

"Kumbe! Imepona?"

"Iko katika hali ya kuridhisha."

"Mpongeze," alisema Bi Sindano. "Futa."

Akafuta. Sufuri hazikuondoka zote, lakini namba ya mbele ilishuka, na Karani aliyekuwa akitazama dari alianza kutazama meza.

"Mama, vilevile chaki haishiki kwenye mafuta," alisema Mshauri, na hapo akadhani amepata upenyo.

Bi Sindano akachomoa kwenye aproni kibonge cha uzi mwekundu. "Funga uzi. Kila kimoja na fundo lake."

Mshauri akaenda na uzi. Safari hii alirudi haraka zaidi, na shokapu za nyuma zilikuwa zimepona. Akaulizwa kuhusu bushi. Akarudi tena ndani. Bushi zikapona. Betri nayo, ikaonekana, ilikuwa imeandikwa "kama tahadhari." Kila alipovuka mlango ule kifaa kimoja kilifufuka. Bi Sindano hajawahi kuona hospitali ya namna hiyo, ambayo wagonjwa wanapona kwa kuogopa mfuko wa makapi.

Aliyeanza kuugua ni wifi. Kila mstari uliofutwa ulikuwa unamtoa cherehani mikononi, kipande kwa kipande: mara gurudumu, mara mguu, mara meza yake.

"Kaka," alisema, amesogea mpaka ukingo wa kiti, "shokapu si kitu cha mchezo! Badilisha zote! Usalama kwanza! Kuna mtu namjua, bushi zake ziliisha, akaingia mtaroni."

"Wifi," alisema Bi Sindano, "tangu lini unajua bushi? Wewe hata baiskeli huna."

"Namwonea huruma ndugu yangu!"

"Huruma yako ina zipu."

Isidhaniwe kwamba Bi Sindano alipatia kila kitu. Alidai na oili ya zamani irudishwe kwenye kidumu, Karani akajifunika uso kwa mkono. Alipofika kwenye uchunguzi wa kompyuta akauliza kipande chake kinafananaje. Akaambiwa uchunguzi hauna kipande. "Basi hauna bei," alisema. Lakini hapo Mshauri alikaza. Uchunguzi ulikwisha kufanyika, alisema, na huo utalipwa hata dunia ipinduke. Bi Sindano akauacha, kama mtu anayemwachia mbwa mfupa ili apite.

Mshauri akaona mambo yanamponyoka. Akamwacha mwanamke, akageuza kiti kabisa, akamkabili Karani uso kwa uso, magoti yakikaribia kugusana.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, ya kiume. "Tuongee sisi watu wazima. Haya ya kuchagua-chagua si hadhi yako. Chukua kazi yote kama ilivyokuwa, mimi nakupa punguzo langu binafsi, na mwavuli wa kampuni. Gari linatoka kama jipya. Unapita mtaani, watu wanageuka." Akatoa karatasi nyingine, safi, mistari yote imerudi kama hakuna aliyepona. Akaweka kalamu juu yake.

Karani aliunyoosha mgongo. Akaiweka sawa kola ya koti. Mkono wake ukaenda kwenye kalamu, na palepale ikasikika zipu ya mkoba wa wifi: *zrrrr*.

Bi Sindano alikuwa na maneno tele mdomoni, yamejaa kama pini. Hakuyatema. Alimjua mumewe. Ukimsukuma mbele za watu, Karani atasaini hata nyumba iuzwe, mradi asionekane amesukumwa. Alikaa, mikono juu ya aproni, akaiona akilini cherehani yake ikitolewa mlangoni kinyumenyume, wifi akipiga kelele wasiikwaruze. Katika chumba kile chote hakuna kitu alichokitaka isipokuwa ile kalamu isiguse karatasi, na hakuwa na la kufanya.

Aliyemwokoa ni Mshauri mwenyewe, kwa kupenda kusifu kupita kiasi.

"Ndiyo maana tunampenda mzee wetu," alisema, akiwageukia wengine. "Miaka yote hii hajawahi kutuuliza swali hata moja. Tukimpigia simu kwamba kuna kifaa kimeisha, yeye anasema tu, 'Endeleeni.' Huku ndani tunamwita Mzee Endeleeni!"

Keshia aliachia kicheko, akakiwahi kwa kiganja, lakini nusu yake ilikuwa imeshatoka.

Kalamu ilisimama hewani.

Karani alikuwa mtu aliyewahi kumrudisha meneja wa benki nyumbani kwa sababu stempu ilibandikwa upande. Maisha yake yote aliketi nyuma ya dirisha na kuwauliza watu maswali: hii inakwenda wapi, ya nani, ina nini ndani, mbona haikufungwa vizuri. Aliuliza mpaka watu wakaogopa kutuma barua. Na hapa, kwenye nyumba ya vioo, walikuwa wamempa jina.

"Endeleeni?" alisema.

"Ni kwa upendo, mzee."

Karani akaweka kalamu chini, polepole, sambamba na ukingo wa meza.

"Rejeta," alisema. "Mwaka jana mliniambia imeoza. Nikasema... nikasema endeleeni. Mkaweka mpya. Leo mmeandika rejeta. Ile ya mwaka jana imeoza lini?"

"Itabidi niangalie kwenye kompyuta, mzee."

"Angalia."

Mshauri alibofya. Akabofya tena. "Mtandao uko chini kidogo."

"Na fundi? Naye yuko chini? Si umetoka kuzungumza naye mara zote hizo? Nikamuulize."

Akainuka. Mshauri akasema mstari wa njano, mzee, utaratibu, mzee. Lakini ni nani atamshika mtu mzima aliyevaa koti, anayetembea kama mkaguzi aliyechelewa kufika? Karani akauvuka mstari bila kuutazama. Bi Sindano akamfuata na mfuko wake. Wifi akabaki ameduwaa na zipu wazi.

Ndani ya gereji palinuka mpira na mafuta, na kelele zilikuwa za kazi kweli. Gari lao walilikuta pembeni kabisa, karibu na ndoo za rangi. Lile gari lililooshwa mpaka tundu la ufunguo lilikuwa limeota vumbi kiooni. Boneti haikufunguliwa. Magurudumu yalikuwa chini yote. Juu ya boneti kulikuwa na kikombe cha chai cha mtu, chai imeganda utando.

Karani alikiondoa kikombe kwa mikono miwili, akakiweka chini. Bi Sindano, ambaye alikuja na dharau ya kutosha kijiji kizima, akaona hana hata chembe ya kumpa mtu huyu.

"Fundi wa gari hili ni nani?" aliuliza Karani.

Mwanamume mmoja wa ovaroli akatoka chini ya gari la jirani. "Nadhani nitakuwa mimi. Lakini bado sijaligusa. Nimeambiwa linangoja saini."

"Hujaligusa. Na aliyesema rejeta inaweza kuendelea?"

"Nani kasema?"

Wote watatu wakageuka. Mshauri alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma ya mlango ule kulikuwa na kiti, na juu ya kiti kulikuwa na chaki ya Bi Sindano na kibonge chake cha uzi mwekundu, hakijakatwa hata uzi mmoja. Kumbe bwana yule kila alipoingia "kuzungumza na fundi" alikuwa anasimama pale, anahesabu kidogo kichwani, anachagua wa kumfufua, anatoka.

"Mwanangu," alisema Bi Sindano, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, upole unaotisha, "siku nyingine walau kaa. Kiti si kipo?"

Mafundi walicheka, na hakuna aliyeziba mdomo.

Fundi wa ovaroli alichukua ufunguo, akazunguka na gari uani, akakata kulia, *ngwee*, akakata tena, *ngwee*. Akaliinua, akalizungusha gurudumu kwa mkono, akasikiliza. Akasema ni beringi. Karani akamuuliza beringi ni nini. Akaelezwa. Akamuuliza inaishaje. Akaelezwa. Akauliza ipi inayofuata kuisha, na kwa nini ya kushoto imeitangulia ya kulia, na kama yeye ndiye anayekanyaga mashimo. Fundi akamjibu huku anafungua, akafunga uzi mwekundu kwenye beringi kuukuu kabla ya kuichomoa, kwa kuwa aliona mama amesimama na mfuko wazi.

Malipo Karani aliyatoa kwenye koti lake mwenyewe: beringi, kazi yake, na ule uchunguzi wa kompyuta ambao haukuchunguza kitu, maana Mshauri aliung'ang'ania mpaka mwisho kama mtu aliyezama anavyong'ang'ania jani. Mwavuli hakupewa. Hakuuomba.

Wifi walimkuta pale pale kwenye kiti, mkoba umefungwa.

"Sasa mimi nimeacha duka bure," alisema.

"Hukuja bure," alisema Bi Sindano. "Umekunywa maji ya baridi."

Wifi akapanda nyuma, akanuna njia nzima. Karani alishika usukani. Kwenye kona ya kwanza ya kulia alipunguza mwendo, wote wakanyamaza wakasikiliza, gurudumu likanyamaza pamoja nao. Zikapita kona ya pili na ya tatu, na Bi Sindano hakumchokoza mumewe, ingawa ulimi ulimwasha. Kuna dharau ya kuwapa watu wa vioo, na kuna mtu wako, ambaye amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa miaka yote na leo ndiyo kwanza ameiona chupa.

Karani hakuomba radhi, si mtu wa hivyo. Lakini jioni, jua likiwa bado lipo, Bi Sindano alipokaa kwenye cherehani ya kudarizi kumalizia mto wa bi harusi, alisikia kiti kikiburutwa. Karani akakiweka kando yake, akakaa, bila koti.

Sindano ilianza kuchora jani. Karani akaifuata kwa macho.

"Huu uzi wa chini," alisema, "unatokea wapi?"

Bi Sindano alimtazama. Miaka yote ile cherehani ilikuwa ndani ya nyumba yao, na hajawahi kuuliza.

"Kwenye bobini. Hapa. Inama uone."

Akainama. "Na ukikatika katikati ya ua?"

"Unaanza tena palipokatika."

"Haionekani?"

"Inategemea fundi."

Akaitikia kwa kichwa, akasogeza kiti karibu zaidi. "Na jina la bwana harusi mbona umeliandika dogo kuliko la bibi?"

"Baba watoto," alisema Bi Sindano, mguu ukiwa bado kwenye kanyagio, "endelea kuuliza. Lakini sogeza kiwiko, unanizibia mwanga."